Kontena likishashushwa, nani anahesabu?

Mwaka 2021 Benki ya Dunia na kampuni ya IHS Markit zilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kulinganisha bandari za makontena duniani. Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa katika sehemu ya chini ya orodha hiyo. Tangu hapo, kila orodha mpya ikitoka, wakubwa wa bandari hubanwa kwa maswali.

Orodha hiyo hupima muda wa meli bandarini. Kontena likishakanyaga gati, haina habari nalo.

Hatuwalaumu watafiti kwa kuishia kwenye meli. Wao huenda takwimu zilipo. Meli kubwa za safari za kimataifa zinalazimika kuwa na kifaa kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake, na mawimbi yake hunaswa hata na setilaiti. Mtu aliyeketi Rotterdam anaiona meli inayosubiri nje ya Dar es Salaam. Ndiyo maana tafiti za miaka hii zimejaa habari za meli: moshi wake, mafuta mbadala kama methanoli, Ever Given ilivyoziba Mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021, na mzunguko mrefu wa Rasi ya Tumaini Jema tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023. Yote hayo yanatuhusu, maana nauli ya meli ikipanda, bati nalo linapanda dukani.

Lakini kwa mwagizaji wa Kariakoo au wa Kigali, maumivu huanza meli ikishaondoka. Siku za kuhifadhi mzigo bure bandarini zikiisha, tozo ya uhifadhi inaanza kupanda. Kontena tupu likichelewa kurudishwa, kampuni ya meli inadai faini kwa dola na kushikilia dhamana. Hati moja ikikwama forodhani, saa zote zilizookolewa na winchi mpya zimekwenda bure. Gharama hizo hulipwa na mnunuzi wa mwisho, na huyo ndiye msomaji wetu.

Taasisi za njia za mizigo ya kwenda bara, yaani Ukanda wa Kaskazini unaoanzia Mombasa na Ukanda wa Kati unaoanzia Dar es Salaam, hutoa taarifa za wastani wa siku ambazo mizigo hukaa bandarini. Ni kazi nzuri, tunaipongeza. Ila wastani huficha mengi. Makontena tisa yakitoka siku ya 3 na la kumi likakaa siku 43, wastani ni siku 7, na hakuna hata moja lililokaa siku 7. Tunalotaka kulijua ni lile la kumi. Lilibeba nini? Lilikwama meza ya nani? Liliachiwa kwa sababu gani?

Majibu yamo kwenye kompyuta za mamlaka za bandari na za mapato. Tunazitaka mamlaka za bandari za Tanzania na Kenya (TPA na KPA), pamoja na zile za mapato (TRA na KRA), zitoe kumbukumbu za kila kontena, majina ya wenye mizigo yakiwa yameondolewa, na kuzikabidhi kwa vyuo vyetu, kuanzia Chuo cha Bahari Dar es Salaam na vyuo vikuu vya mwambao. Vijana wa kuzichambua tunao. Mamlaka hizo zianze na kumbukumbu za mwaka jana.