UCHAMBUZI: Siku chama cha polisi kilipoketi meza moja na waliokishtaki

USIKU wa kuamkia Aprili 7, 2001, kijana Mmarekani mweusi wa umri wa miaka 19, Timothy Thomas, alipigwa risasi na kuuawa na afisa wa polisi katika kichochoro cha mtaa wa Over-the-Rhine, jijini Cincinnati, jimbo la Ohio. Hakuwa na silaha. Makosa aliyokuwa akisakwa kwayo yalikuwa madogo, mengi yakiwa ya trafiki.

Alikuwa mwanamume mweusi wa 15 kufia mikononi mwa polisi wa jiji hilo tangu 1995. Ghasia zilizuka kwa siku kadhaa, maduka yakavunjwa, na Meya Charlie Luken akatangaza hali ya hatari pamoja na kafyu.

Taarifa za ghasia hizo zilifika hadi kwenye magazeti ya kwetu. Taarifa ya mkataba uliotiwa sahihi mwaka mmoja baadaye, mimi binafsi sikumbuki kuihariri. Ndivyo ilivyo kazi yetu. Moto huuza gazeti kuliko maji yaliyouzima.

Hata hivyo, ni mkataba huo ambao unastahili kuchambuliwa leo na yeyote anayejali mageuzi ya polisi, popote alipo. Kilichoutofautisha na mikataba mingine ya aina yake ni orodha ya waliotia sahihi: serikali ya jiji, shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU, kundi la Cincinnati Black United Front na, la kushangaza zaidi, chama cha kutetea maslahi ya polisi wenyewe, Fraternal Order of Police, kijulikanacho kwa kifupi kama FOP.

Ili msomaji aelewe uzito wa sahihi hiyo ya nne, ni muhimu ajue jinsi polisi wa Marekani walivyopangwa. Nchi hiyo haina jeshi moja la polisi kama letu lenye Inspekta Jenerali mmoja. Ina maelfu ya idara. Majiji mengi yana mkuu wake wa polisi, na kaunti nyingi zina sherifu aliyechaguliwa kwa kura, mwenye manaibu ambao ndio maafisa wa doria wa kaunti. Wengi wa maafisa hao, wawe wa jiji au wa sherifu, wamo katika vyama vya wafanyakazi.

Katika Ohio, sheria ya mwaka 1983 iliwapa watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri wao kupitia kwa vyama. Polisi walikatazwa kugoma, lakini badala yake mzozo ukishindikana hupelekwa kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake ni wa mwisho.

Hapo ndipo penye kiini cha suala. Mkuu wa polisi anaweza kutoa amri mpya asubuhi na kuibandika ukutani. Lakini amri hiyo ikigusa nidhamu, uchunguzi wa malalamishi au namna afisa anavyoachishwa kazi, itakumbana na mkataba wa kazi. Afisa aliyefutwa anaweza kurejeshwa na msuluhishi, na amri ikabaki karatasi. Mageuzi ambayo chama hakikushirikishwa huweza kushinda mahakamani na katika vyombo vya habari, kisha yakashindwa kituoni.

Mjini Cincinnati, kesi ya kuwashutumu polisi kwa ubaguzi ilikuwa imewasilishwa Machi 2001, wiki chache tu kabla ya kifo cha Thomas. Jaji Susan Dlott wa Mahakama ya Shirikisho aliona kwamba kesi ya kawaida ingechukua miaka, pande zote zikirushiana lawama. Akaielekeza kwenye upatanishi, chini ya mtaalamu Jay Rothman.

Rothman alifanya jambo ambalo wakili hangelifanya. Aliwagawa wakazi katika makundi manane: Wamarekani weusi, wazungu, vijana, viongozi wa dini, wafanyabiashara na kadhalika. Kundi mojawapo lilikuwa la polisi na familia zao. Kila kundi liliulizwa linataka nini na kwa nini. Takriban watu 3,500 walijibu. Majibu yalipolinganishwa, mke wa polisi na mama wa kijana wa Over-the-Rhine walikuwa wametaja mengi yanayofanana: heshima, usalama, na mtu wa kusikiliza.

Mtu asidhani kwamba chama kiliingia katika mazungumzo hayo kwa moyo mkunjufu. Viongozi wake walikuwa wametumia mwaka mzima kuwatetea maafisa waliohisi kwamba wametolewa kafara. Wakati huo huo, kiangazi cha 2001, idadi ya watu waliokamatwa ilishuka vibaya huku visa vya ufyatulianaji risasi vikiongezeka, na wengi wakasema polisi wamegoma kimyakimya. Septemba mwaka huo, afisa aliyemuua Thomas aliondolewa mashtaka.

Kisha Novemba 2001, wapiga kura waliidhinisha mabadiliko ya katiba ya jiji yaliyoruhusu mkuu wa polisi kuajiriwa kutoka nje ya idara. FOP ilikuwa imeyapinga. Kwa maoni yangu, kura hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za meya. Chama kilitambua kuwa kikibaki nje ya mlango, wengine wangeamua ndani.

Mkataba ulitiwa sahihi Aprili 2002, sambamba na makubaliano mengine kati ya jiji na Wizara ya Haki ya Marekani kuhusu matumizi ya nguvu. Askari walitakiwa kukabiliana na chanzo cha uhalifu katika mtaa badala ya kukamata watu ovyo. Mamlaka huru ya kupokea malalamishi ya raia ikaundwa. Mwangalizi wa nje, wakili Saul Green, akapewa kazi ya kukagua utekelezaji.

Alama ya kidole cha chama inaonekana katika lengo la tano la mkataba, lililotaka wananchi waelimishwe kuhusu taratibu za polisi na maafisa waliofanya kazi ya kupigiwa mfano watambuliwe. Wapo waliolibeza kama peremende ya kumnyamazisha mtoto. Mimi naliona tofauti. Konstebo anayesoma waraka wa mageuzi kurasa 30 bila kuona mahali popote anapotajwa kwa wema atauelewa kuwa ni hati ya mashtaka dhidi yake.

Baada ya sahihi ndipo kibarua kilipoanza. Mwaka 2003 kundi la Black United Front lilijiondoa. Mkuu wa Polisi Thomas Streicher, aliyekuwa ameanza kwa kuutilia shaka mpango huo, alivutana na waangalizi hadi Desemba 2004 walipofukuzwa katika jengo la polisi. Mapema 2005 mahakama iliamua kwamba jiji limevunja mkataba. Kwa kitambo, ilionekana kana kwamba juhudi zote zimekwenda arijojo.

Kilichookoa jahazi ni kwamba uongozi wa idara ulianza kuyachukua mageuzi kama yake. Streicher alidumu ofisini hadi 2011 na akaishia kuwa miongoni mwa watetezi wa mkataba. Askari nao waliona manufaa ya kuonekana kwa macho: vifaa vipya vya kushtua kwa umeme na mafunzo ya kushughulikia wagonjwa wa akili viliwapunguzia wao wenyewe majeraha kazini.

Usimamizi wa mahakama ulikamilika 2008. Takwimu zinazotajwa mara kwa mara ni kwamba kati ya 1999 na 2014 matumizi ya nguvu yalipungua kwa asilimia 69, na majeruhi miongoni mwa raia kwa asilimia 56.

Lakini ushirikiano una sura nyingine, na si haki kuificha. Mwaka 2018, katika Kaunti ya Los Angeles, Alex Villanueva alimng'oa sherifu aliyekuwa mamlakani akiungwa mkono kwa hali na mali na chama cha manaibu. Punde alipoingia, alimrejesha kazini naibu aliyekuwa amefutwa, hatua ambayo kaunti iliipinga mahakamani na ikashinda. Mkubwa na chama walikuwa kitu kimoja, ila mwananchi hakuwa mezani. Novemba 2022 wapiga kura walimtoa, na siku hiyo hiyo wakalipa baraza la kaunti uwezo wa kumwondoa sherifu kwa kura nne kati ya tano.

Vipi kwetu? Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki za wafanyakazi wa idara ya polisi kuwekewa mipaka, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikawanyima maafisa ruhusa ya kuunda chama. Kuna sababu. Hakuna anayetaka kuamka siku moja akute vituo vimefungwa kwa mgomo. Lakini Afrika Kusini, ambako chama cha polisi na askari jela cha POPCRU kimekuwapo tangu 1989, imewakubalia polisi kuwa na vyama huku ikiwakataza kugoma.

Tumekuwa na jopo la Jaji Ransley 2009, msasa wa maafisa kuanzia 2013, kuunganishwa kwa maelfu ya Polisi wa Utawala na Polisi wa Kenya 2018 pamoja na sare mpya ya samawati, kisha jopo la Jaji Maraga lililowasilisha ripoti 2023. Katika mabadiliko ya 2018, maafisa wa vyeo vya chini waliilalamikia sare na mpango mpya wa makazi. Walinung'unika katika foleni za matatu na kwenye makundi ya simu, wakificha majina yao, kwa kuwa hawakuwa na katibu wa chama wa kubisha mlango wa Inspekta Jenerali kwa niaba yao.

Majopo hayo, kwa haki yao, yalizunguka nchini na kuwasikiliza maafisa. Lakini jopo huvunjwa likishakabidhi ripoti. Mjini Cincinnati, viongozi wa chama walikuwa bado mezani miaka mitano baadaye, wakati wa ugomvi na wakati wa utulivu, na hata 2017, walipotangaza kujiondoa katika mazungumzo ya kuuhuisha mkataba, jiji zima lilijua ni nani wa kutafutwa ili arudi.