Raba Nyeusi Ziruhusiwe Darasani

Wanafunzi wenzangu, raba za mtindo wa zamani zimerudi, na wengi wazivaao hapa Msasani hudhani ni kitu kipya. Iliyo mashuhuri kupita zote, All Star ya Converse, ilitoka Marekani mwaka 1917, nayo ilikuwa ya kuchezea mpira wa kikapu. Ilikusudiwa sakafu laini, si barabara yetu saa nane mchana.

Zangu ni za namna hiyo, mtumba wa Karume, shilingi 12,000. Nimezivaa njiani mwaka mzima. Nikifika langoni huzivua na kuvaa vya ngozi, jioni hubadili tena. Basi naweza kutoa hukumu. Kitambaa chake cha pamba huufuata mguu tangu siku ya kwanza. Sikupata lengelenge hata moja, hali viatu vya ngozi vilinichubua kisigino wiki mbili. Matundu mawili ya ubavuni huingiza hewa (na mchanga pia, sikatai). Wakati wa masika zikilowa asubuhi, nazianika dirishani, na jua likiwaka hukauka kabla ya kengele ya mwisho. Ngozi ikilowa hukakamaa, kisha hupasuka.

Ubaya wake ni soli. Ni bapa na nyembamba, wala haina cha kuuinua uvungu wa unyayo. Lami ikipata jua, nyayo huwaka. Nilikata ndara kuukuu nikaiweka ndani, nikapata nafuu kubwa. Kwa hiyo anunuaye achague zenye nafasi kidogo, tena anunue jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kazi ya kutwa. Ajaribu zote mbili, maana mtumba hudanganya: ya kushoto yaweza kuwa imelika kuliko ya kulia.

Sheria yetu yataka ngozi nyeusi darasani na raba uwanjani, yaani jozi mbili kwa kila mtoto. Najua sheria hiyo yalinda usawa, kwani wengine wangeleta raba za rangi na za bei kubwa. Basi ziruhusiwe nyeusi tupu zisizo na nembo, darasani na uwanjani. Nyumbani kwetu tunasoma watatu. Mimi na mdogo wangu anifuataye miguu yetu ni sawa, na raba ni jozi moja. Ijumaa ya michezo, ikiwa zamu ni yangu, yeye hukaa kando ya uwanja akishika viatu vyangu vya ngozi.