Tumemwambia ni Haramu. Je, Tumemwonyesha Soko?



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Maswahaba wake. Ndugu msomaji, wiki iliyopita katika safu hii tulizungumzia namna ya kupata mtaji bila ya kuingia katika riba. Leo tutazame jambo linalofuata mtaji, nalo ni soko. Kwani bidhaa isiyo na mnunuzi ni mtaji uliofungiwa ndani ya dumu.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, baada ya Swala ya Ijumaa, mama mmoja mjane wa hapa mjini Singida alinisubiri kwenye baraza ya msikiti. Baada ya kusalimiana akasema: "Ustadh, nina madumu kumi ya mafuta ya alizeti ndani. Ni mafuta safi, nimesimamia mwenyewe tangu gunia hadi mashineni. Mwenzangu tunayeuza naye anachanganya na mafuta ya bei rahisi, naye humaliza madumu matano kwa wiki. Ameninasihi nifanye kama yeye. Je, inajuzu?"

Jibu lake halikuhitaji kufungua kitabu. Nikamkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, kisha akamtenga mwenye kughushi na umma wake. Nikamwambia: "Haijuzu, mama yangu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hilo nilikuwa nalijua kabla sijaja, Ustadh. Nilichotaka kujua ni nani atakayeyanunua haya yangu. Januari binti yangu anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Anatakiwa tranka, godoro na sare."

Naam, ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Miaka niliyokaa chuoni ilinifundisha kitabu cha biashara katika fiqhi: masharti ya muuzaji, ya mnunuzi na ya kinachouzwa. Nilijua kufunga mlango wa haramu, lakini mlango wa halali nilikuwa nimeuelekezea kidole tu, bila ya kumshika mtu mkono nikampeleka. Usiku ule usingizi ulichelewa kunijia.

Ndipo nikamkumbuka Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina hakuwa na kitu. Saad bin Rabii, ndugu aliyeunganishwa naye na Mtume (S.A.W.), alimpa fursa ya kugawana naye mali nusu kwa nusu. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akatazama, akaanza na jibini kavu na samli, na haukupita muda akawa na cha kuolea. Tuzingatie utaratibu wake. Alianza kwa kulijua soko, kisha akachagua bidhaa ndogo inayohitajika na watu kila siku. Hicho ndicho wataalamu wa leo wanachokiita mkakati wa masoko. Ni kujua unamuuzia nani, kitu gani, kwa bei gani, wapi, na kwa maneno gani.

Siku ya Jumapili baada ya Alasiri tulikaa barazani kwa mama yule, yeye na kaka yake, mimi na mke wangu, na daftari moja katikati.

La kwanza lilikuwa hesabu. Mama alikuwa amenunua magunia 16 ya alizeti kule Ilongero, kila moja kwa shilingi 50,000, jumla 800,000. Alipata madumu 14 ya lita 20, na madumu manne alikwishayauza kwa shilingi 65,000 kila moja, akidhani anapata faida ya zaidi ya shilingi 7,000 kwa dumu. Tukamuuliza: usafiri je? Shilingi 48,000. Madumu matupu? Shilingi 42,000. Kitambaa cha kuchujia, wabebaji na nauli zake? Shilingi 34,000. Mashudu aliyaacha mashineni kuwa ujira wa kukamua. Jumla ikawa 924,000. Tukatazama pia chini ya madumu, tukakuta mashapo yanayochukua takriban lita moja katika kila dumu. Lita zilizofaa kuuzwa zilikuwa 266, si 280, na kila lita ilimgharimu karibu shilingi 3,475. Dumu la lita 20 zilizo safi limemgharimu shilingi 69,500, naye aliliuza kwa 65,000! Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe nilikuwa nawalipa watu wanunue."

Hapa pana funzo zito. Wengi wetu tunadhani tunashindwa kwa sababu ya uaminifu wetu, kumbe tunashindwa kwa sababu ya daftari letu. Mama yule angechanganya mafuta yake, angemwasi Mola wake kwa ajili ya tatizo ambalo dawa yake ilikuwa kalamu.

La pili lilikuwa mnunuzi. Alikuwa akiuza dumu zima kwa wenye magenge na wakaanga chipsi. Hao hutafuta bei ya chini kabla ya jambo jingine lolote, kwani mafuta kwao ni gharama ya kazi. Katika bei, mafuta safi hayawezi kushindana na yaliyochanganywa, wala na yale yanayotoka nje ya nchi. Mkoa wetu, pamoja na Dodoma na Simiyu, ulitajwa na serikali mwaka 2021 kuwa wa kipaumbele katika alizeti. Hata hivyo mwaka 2023 wakulima walilia kwa kushuka bei. Mwenye madumu kumi hawezi kupigana vita hivyo. Basi tukauliza: ni nani anayeyatafuta mafuta safi na kuyakosa? Tukaandika: mama wa nyumbani anayepikia watoto wake, mfanyakazi aliyehamia Dodoma na kuzoea mafuta ya kwao, msafiri anayeshuka stendi ya Misuna akitaka zawadi ya Singida. Hawa huogopa jambo moja, nalo ni kudanganywa. Kwao usafi ndiyo bidhaa yenyewe.

La tatu lilikuwa chombo na kipimo. Mama wa nyumbani hanunui dumu la lita 20. Hununua lita moja au tano. Nasi tuliona chupa za maji zilizookotwa zikitumika kwa mafuta, wala hakuna ajuaye ziliwekwa nini kabla. Tukakubaliana atumie chupa mpya za lita moja na za lita tano, na mafuta yatulie siku kadhaa kisha yachujwe tena kabla ya kumiminwa. Yawekwe penye kivuli, kwani jua, joto na hewa huyaharibu mafuta mapema. Na chupa ikauke kabisa kabla ya kujazwa. Ama kipimo, tujue kwamba lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Ina uzito wa takriban gramu 920. Mwenye kuuza kwa lita na ajaze lita, na mwenye kuuza kwa kilo na apime kilo. Kulichezea neno hilo ni kuingia katika onyo la Suratul Mutaffifin, na mkononi mwa Wakala wa Vipimo vilevile.

La nne lilikuwa jina. Kijana mmoja wa jirani alipendekeza lebo yenye picha ya msikiti. Niliikataa. Dini yetu si chambo cha kuvulia wateja, na jirani yetu asiye Mwislamu naye anahitaji mafuta safi. Lebo ikaandikwa kwa ufupi: mafuta ya alizeti tupu, yametoka Ilongero, tarehe ya kukamuliwa, ujazo, na namba ya simu ya mwenye mali. Namba hiyo ni amana kubwa, maana mwenye kughushi haachi namba yake. Tukamtahadharisha pia asibandike alama ya ubora ya TBS ambayo hajapewa. Njia yake ipo: aende ofisi ya SIDO ya mkoa, aelekezwe kuhusu usindikaji na namna ya kuifikia TBS. Kazi hiyo ameianza na bado haijakamilika.

La tano lilikuwa bei. Chupa ya lita tano: mafuta shilingi 17,375, chupa 1,200, lebo 200, jumla 18,775. Tukaiwekea shilingi 22,500. Lita moja ikawa 4,800. Hesabu hizi ni za msimu ule na mtaa ule, ndugu msomaji. Piga zako kwa gharama zako. Mama aliogopa: "Watasema ni ghali." Tukamjibu kwamba watakaosema hivyo wapo, na si wateja wake. Bei isiyofika gharama si ukarimu. Ni kula mtaji wa yatima walio ndani ya nyumba yake mwenyewe.

La sita lilikuwa maneno. Aliniomba nimtangazie baada ya Swala. Nikamwomba radhi, kwani msikiti haukujengwa kwa biashara, na leo nikimtangazia mmoja kesho watapanga foleni kumi. Badala yake aliandika majina ya kaya ishirini anazozijua, akawapelekea baadhi yao kichupa kidogo cha kuonja, akawaambia: "Yapikie, kisha uniambie." Kwa walio Dodoma alituma ujumbe kwa simu, na mzigo ukapanda basi. Tukamuusia pia asiape. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba kiapo huenda kikaisukuma bidhaa, lakini huifuta baraka yake. Mwenye mafuta safi aseme anachokijua: yametoka wapi, lini na kwa nani. Inatosha.

La saba, na ndilo linalosahauliwa, ni siku ya malalamiko. Wiki ya pili mteja mmoja alirudisha chupa akisema ina harufu. Mama akanipigia simu akiwa na hofu. Nikamwambia abadilishe au arudishe fedha, kisha aikague. Ikagundulika kwamba chupa ilioshwa na kujazwa kabla haijakauka. Alimrudishia mteja chupa nzima na kumweleza sababu bila ya kuficha. Mteja huyo leo ndiye anayemletea wateja kuliko lebo, simu na kichupa cha kuonja kwa pamoja.

Sasa matokeo, na nitayasema kama yalivyo. Katika wiki sita aliuza lita 150 kati ya 190 zilizokuwa zimebaki, nyingi zikiwa chupa za lita tano. Wenye magenge wawili walimwacha na hawajarudi. Faida yake, baada ya chupa za kuonjesha na ile aliyoibadilisha, haikutimia shilingi laki moja. Tranka na godoro vilipatikana. Sare ilishonwa kwa msaada wa kaka yake. Mwenzake anayechanganya bado anauza madumu matano kwa wiki. Nisikudanganye kwamba mkweli humshinda mghushi kila Jumamosi sokoni. Lakini msimu ujao mama yule anaingia akiwa na wateja wanaomjua kwa jina, na daftari linalomwambia ukweli. Na usiku hana la kuficha.

Ndugu zangu wa kamati za misikiti, masheikh na wazazi, neno langu la leo ni kwetu kabla ya kuwa kwa wafanyabiashara. Tunapomwambia mjane kwamba hili ni haramu, tumetimiza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa naye barazani na daftari. Katika kila jamaa yetu wapo wahasibu, walimu wa biashara na vijana wanaojua kutengeneza lebo. Hukaa safu moja na wenye shida na kutoka bila ya kusalimiana. Kamati yetu imeamua kutenga Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa kazi hiyo, iwe kwa muuza kuku wa kienyeji, mwenye asali au mkulima wa vitunguu. Anayekuja anatakiwa alete kitu kimoja tu: hesabu yake ya kweli.

Tumuombe Allah (S.W.) atubariki katika vipimo vyetu, atutosheleze kwa halali yake tusihitaji haramu yake, na awafungulie wajane na mayatima wetu milango ya riziki. Amin.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia kuandikiana mikopo baina ya ndugu.

Wabillahi tawfiq.