Huruma Haikaririwi

Nawasikia watu wa rika langu hapa Mkonze wakilalama kwamba watoto hawapendi hadithi. Nakataa. Tumewanyima hadithi, tukawapa muhtasari. Chukueni Takadini ya Ben Hanson, iliyosomwa kwa miaka mingi katika somo la Kiswahili sekondari. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila yadai auawe. Mama anatoroka naye. Mtoto anayeandamana na Sekai ukurasa baada ya ukurasa huogopa pamoja naye, na kesho yake itamwia vigumu kumdhihaki jirani kwa kumwita zeruzeru. Lakini mwanafunzi wetu hununua kijitabu cha uchambuzi, akakariri dhamira tatu, akapata alama zake. Safari yenyewe kaikosa! Katika nchi ambamo wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, hasara hiyo si ya kifasihi tu.

Washairi wenzangu, nani kati yetu aliupenda utenzi kwa kutajiwa maudhui yake? Riwaya isomwe darasani kwa sauti, sura baada ya sura. Na mtihani, kama hauepukiki, umwulize mtoto: Sekai aliogopa nini?