TENISI SI MALI YA MABWANA

Ipo kasumba moja iliyoachwa na wakoloni ambayo mpaka leo hulindwa na baadhi ya wasomi wenyewe: kwamba tenisi ni mchezo wa mabwana. Husikika maofisini, husikika katika vyumba vya walimu, na kila mara huja imevaa joho la uzalendo. Eti mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbinga apewe raketi ya nini, wakati shule yake haina hata mpira wa miguu? Asemaye hivyo hujiona mtetezi wa wanyonge, kumbe ndiye anayewafungia mlango.

Yafaa kwanza ieleweke tenisi ya kulipwa ni kitu gani. Juu kabisa wako matajiri wachache wa Wimbledon na Paris, ambao picha zao hupamba magazeti. Chini yao lipo daraja la kati, yaani mashindano ya Challenger yaliyoanza mwaka 1978. Huko ndiko waliko vibarua wa mchezo huu: wanaume wanaojilipia nauli, wanaohama mji kila juma, wanaohesabu pointi kama mkulima ahesabuvyo madebe ya kahawa. Mshindi wa ngazi ya chini ya mashindano hayo hupata pointi 50. Bingwa wa Wimbledon hupata 2,000. Pointi zenyewe hudumu majuma 52, kisha hufutika. Azikusanyaye hata akakaribia nafasi ya 100 duniani huingia mashindano makubwa bila kupita kwenye mchujo. Mkenya Paul Wekesa aliifikia nafasi hiyo ya 100 mwaka 1995.

Mwaka 2024 Challenger ilifika Kigali, ikachezwa majuma mawili mfululizo, na mwaka 2025 ikarudi huko kwa ngazi ya juu zaidi. Taji la kwanza lilichukuliwa na Kamil Majchrzak wa Poland. Wenye kubeza walipata la kusema: Rwanda imewapikia wageni karamu! Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mashindano yasiyo na vijana wa nyumbani nyuma yake ni karamu ya wageni kweli, na endapo Dar es Salaam au Arusha itaomba kuyaandaa kabla viwanja havijaenea wilayani, itastahili kubezwa vivyo hivyo. Lakini nusu ya pili ya ukweli ni hii: mwaka 1971 Mmarekani Arthur Ashe alipopita Yaoundé alimkuta mtoto wa miaka 11, Yannick Noah, akicheza. Mwaka 1983 mtoto huyo akawa bingwa wa Ufaransa. Noah hakuwa mtoto wa fukara, hilo likubaliwe. Lakini Ashe asingemwona kama Yaoundé isingekuwa na kiwanja.

Watasema kiwanja ni gharama. Hapa ndipo kasumba inapoumbuka. Viwanja vya Kigali, kama vile vya Roland Garros huko Paris, ni vya udongo. Na huo uitwao udongo huko Paris ni unga wa tofali jekundu lililosagwa, uliotandazwa unene wa milimita chache juu ya tabaka za chokaa na mawe. Tofali jekundu! Mbinga ni nchi ya matofali ya kuchoma, na vipande vibovu vya tanuri hutupwa njiani kufukia madimbwi. Tena Wamatengo, ambao kwa mashimo ya ngolo walizuia maji yasichukue udongo wa milima yao tangu kabla Mjerumani hajafika, hawahitaji mtaalamu wa kigeni awafundishe kuelekeza maji ya masika. Raketi na mipira ndiyo gharama ya kweli, na hapo wapinzani wana haki. Hata hivyo, kibao cha mbao na ukuta wa nyuma ya darasa vyatosha kumwanzisha mtoto, na hakuna mwalimu asiyekuwa na ukuta.

Lisilotosha ni ardhi isiyotengwa. Barabara ya lami kutoka Mbinga imekwisha kufika Mbamba Bay, na mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya. Mji utapanuka, vipande vya ardhi vitapimwa, na katika miji mingi nchini imekwisha kuonekana jinsi maeneo ya wazi yanavyogeuka baa na maghala. Kiwanja kimoja cha tenisi pamoja na nafasi yake ya pembeni huhitaji mita 36 kwa 18 tu. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012 na ramani za miji yake hazijajaa. Mtumishi atakayejitetea kwamba hakuna mwananchi aliyeomba kiwanja hicho aulizwe ni mwananchi yupi wa Liuli au Lituhi aliyewahi kuonyeshwa kimoja.