Chakula cha Kichina na Lawama za Unga Mweupe



Miongoni mwa maswali yanayotufikia mara kwa mara katika safu hii ni la jamaa ambao, kila wakila katika mkahawa wa Kichina, mmoja wao hurudi nyumbani kichwa kikimuuma, uso ukimwaka na moyo ukimwenda mbio. Huuliza: je, si ule unga mweupe wanaoutia? Unga wenyewe ni monosodiamu glutameti, ambao wengi huuita MSG kwa ufupi, na wengine huuita Ajinomoto kwa jina la kampuni iliyotangulia kuuuza. Tumeona tulieleze jambo hili kwa kituo, kwani ndani yake mna mambo mawili yasiyofaa kufanyiwa mzaha: uhai wa mtoto na heshima ya watu.

Tuanze na asili yake. Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alitaka kujua ni kitu gani kinachoupa mchuzi wa mwani uitwao kombu ladha isiyo ya sukari wala chumvi, wala si ya ukali wala uchungu. Akaipata glutameti, na ladha yake akaiita umami. Mwaka uliofuata unga wake ukaanza kuuzwa. Basi chimbuko lake ni Ujapani, si Uchina. Tena glutameti hiyo imo katika nyanya mbivu, uyoga, jibini iliyokaa, na hata katika maziwa ya mama anyonyeshaye. Unga wa leo hutengenezwa kwa kuchachisha molasi ya miwa, muhogo au mahindi kwa msaada wa bakteria.

Lawama zilianza mwaka 1968. Daktari mmoja mwenye asili ya Kichina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua fupi katika jarida la utabibu la New England Journal of Medicine. Alieleza kwamba akila katika mikahawa ya Kichina huko Marekani hupata ganzi nyuma ya shingo, ikashuka mikononi na mgongoni, pamoja na udhaifu wa mwili na moyo kwenda mbio. Hakutoa hukumu. Alitaja mambo kadhaa yanayoweza kuwa sababu: sosi ya soya, mvinyo wa kupikia, wingi wa chumvi, na unga huo. Lakini barua ikachapishwa chini ya kichwa cha maneno kilichoutaja ugonjwa wa mikahawa ya Kichina, na jina hilo likaenea kuliko barua yenyewe. Mwaka 1969 mtafiti John Olney akaonyesha kwamba panya wachanga waliodungwa unga huo kwa wingi walidhurika ubongo, na hofu ikazidi. Wachache walitua kuuliza kama kumdunga sindano mtoto wa panya ni sawa na mtu mzima kula sahani ya wali.

Wahenga wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ila katika elimu ya tiba, lisemwalo hupimwa kwanza. Mwaka 1995 wataalamu waliopewa kazi na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani walitoa ripoti yao: wapo watu wachache wanaoweza kupata dalili nyepesi za muda mfupi, kama vile kuumwa na kichwa, ganzi, uso kuwaka au usingizi, wakila gramu 3 au zaidi za unga huo bila ya chakula kingine. Sahani ya kawaida iliyotiwa unga huo huwa na chini ya nusu gramu. Mwaka 2000 yalichapishwa majaribio ya watu 130 waliojitambua kuwa hudhurika nao. Walipopewa unga bila ya kujua kama ni wenyewe au ni kitu kingine, dalili zao hazikufuata mpango: aliyeumwa leo hakuumwa mara ya pili, na wengine waliumwa kwa kile kisichokuwa unga.

Haina maana kwamba unga huu uliwe bila ya kiasi. Mwaka 2017 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu, kwa glutameti iongezwayo katika vyakula. Nao una sodiamu, ingawa ni kama thuluthi moja tu ya iliyomo katika chumvi ya mezani. Mwenye shinikizo la damu aihesabu hiyo pia, na zaidi ya hiyo aihesabu sosi ya soya, ambayo ni chumvi iliyoyeyushwa.

Sasa tufike penye hatari. Jikoni mwa Kichina mna kamba, sosi ya chaza, njugu, soya, ngano, mayai na simsim. Vyote hivyo ni vyakula vinavyojulikana kwa kuleta mzio wa kweli, ule unaoweza kuua. Mtoto akitokwa na mabaka ya kuwasha, midomo ikafura na sauti ikakwama, nasi tukasema "ni ule unga tu", tutauepuka mkahawa ule, kisha siku ya harusi tumpakulie wali wa kamba kwa mikono yetu wenyewe. Huo ndio ubaya wa kumshika asiyekuwa mwizi: mwizi hubaki ndani ya nyumba.

Na jikoni mwetu je? Unga ule ule umo katika vidonge vingi vya supu, katika tambi za haraka na krispi za watoto. Tazameni kibandiko, namba yake ni E621. Rangi ya manjano tunayotia biriani mara nyingi ni tatrazini, yaani E102. Tangu mwaka 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha chakula chenye rangi hiyo kiandikwe onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Salfaiti, E220 hadi E228, zinazohifadhi matunda makavu na wakati mwingine kamba, huweza kumwamshia pumu mwenye nayo. Ni ajabu basi kwamba kidole kimeelekezwa kwa jirani mmoja tu. Kumzulia mtu kwa asilolitenda ni dhambi tuijuayo, na kuwazulia watu wa taifa zima si jambo dogo zaidi. Mwaka 2020 hata kamusi ya Merriam-Webster iliongeza tahadhari kwamba jina lile la ugonjwa limepitwa na wakati na huweza kuudhi.

Kwa Muislamu lipo swali jingine la kuulizwa, nalo lisiishie kwenye nyama. Mapishi mengi ya Kichina hutiwa mvinyo wa mchele. Unga nao una kisa chake: mwanzoni mwa mwaka 2001 uliondolewa madukani Indonesia baada ya kubainika kwamba lishe ya bakteria waliotumika kuutengeneza iliandaliwa kwa kimeng'enya cha nguruwe, na Baraza la Maulamaa la huko likauharamisha. Kampuni ilibadilisha utengenezaji wake. Funzo ni kutafuta alama ya halali kwenye paketi, na kumuuliza mpishi bila ya haya.

Tunawausia haya, akina mama na akina baba. Anayedhurika aandikiwe daftari: alikula nini, saa ngapi, dalili zilianza lini. Mzio wa kweli mara nyingi huanza baada ya dakika chache hadi saa mbili. Mkahawani ulizeni kwa majina, kamba, chaza, njugu, kimoja kimoja, na ulizeni pia kama mafuta yaliyokaangia kamba ndiyo yanayokaangia viazi. Msimnyime mtoto vyakula kwa kubahatisha; mpelekeni kwa daktari pamoja na daftari lile. Na pumzi ikibana, koo au ulimi ukifura, au mtu akizimia baada ya kula, msingoje wala msimpe maziwa: hospitalini mara moja, kwani dawa yake ni sindano ya adrenalini, na kila dakika ina thamani yake.

Allah atuhifadhie watoto wetu na atujaalie riziki yenye baraka. Tukutane juma lijalo, inshaallah.