Mwaka Katika Nyumba ya Watu

Imekuwa desturi kumsifu kijana wa sekondari aliyepata kwenda ng'ambo kusoma mwaka mmoja, na sifa hizo aghalabu huangukia mahali pasipostahili. Husifiwa ndege aliyopanda, theluji aliyoiona na Kiingereza alichorudi nacho. Nasema kwamba hayo ni makapi. Punje ya mwaka ule ni moja: kijana amekaa katika nyumba isiyo ya wazazi wake, akala chakula chao, akafuata saa zao, akaosha vyombo vyao, mpaka akahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba.

Mfano ujulikanao sana ni mpango wa Kennedy-Lugar, ulioanzishwa na Serikali ya Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulio ya Septemba 2001. Mpango huo umechukua vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania na Kenya zikiwamo, ukawapeleka kukaa mwaka wa masomo na jamaa za Kimarekani. Wenyeji wale hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo, nao wastahili heshima. Wahenga wetu walikwisha kuijua siri yake waliposema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza msingi wa Ujamaa. Jembe halikuwa adhabu ya mgeni. Lilikuwa idhini yake ya kuingia katika jamaa.

Basi ugomvi wangu si na wenyeji hao. Ni na sisi wenyewe, tena kwa mambo mawili.

La kwanza ni neno kubadilishana. Mtu atoaye samaki sokoni Bunda asipewe kitu hasemi kwamba amebadilishana. Vijana wetu huenda. Vijana wao wanaokuja kukaa mwaka katika nyumba zetu ni wachache mno, wala hatuoni haya. Twakubali kwamba nyumba ya Ohio ina jambo la kufundisha, lakini hatuthubutu kudai kwamba nyumba ya Butiama inalo. Wako watakaosema kwamba wageni hawawezi maisha yetu. Musoma yenyewe yawakanusha: katika shule ya lugha ya Makoko, wamisionari na wageni wengine wamefundishwa Kiswahili kwa miongo mingi. Ikiwa watu wazima walikubali kukaa darasani Musoma wajifunze kusema upya kama watoto, kijana wa miaka 16 atashindwaje?

La pili ni mlango wa kuingilia. Mlango huo ni Kiingereza. Kijana aliyesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia shule ya kata na kukuta masomo yamegeuka lugha, hushindanishwa na mwenzake aliyelelewa katika Kiingereza tangu chekechea. Mshindi hutumwa akawe balozi wa utamaduni wetu. Siwalaumu wageni kwa kutaka mtoto atakayeelewana na wenyeji wake. Nawalaumu wanaodhani kwamba hakuna mlango mwingine, maana kwa dhana hiyo mwaka wenye manufaa kwa wote umekuwa urithi wa wachache.

Mlango mwingine upo, na historia ya Mara yauonyesha. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 aliondoka Butiama kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita 40 hivi. Alikwenda na Kizanaki. Kiswahili alikikuta huko. Edinburgh hakufika mpaka mwaka 1949. Yule aliyekuja kuitafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili alianza kuwa mgeni wa lugha hiyo Musoma. Ugeni wake wa kwanza haukuhitaji pasipoti.

Nitajibiwa kwamba tunazo shule za bweni, tunalo Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 1963, na kwamba Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Nayaheshimu yote hayo. Lakini bweni na kambi humweka kijana kati ya marika yake, chini ya amri. Hamna bibi wa kuamkiwa alfajiri, wala mtoto mchanga wa kubembelezwa, wala baba anayehesabu fedha za unga. Kijana wa Tarime na wa Masasi wamelala kitanda cha juu na cha chini, wakajuana wao. Nyumba zao hazikujuana.

Pingamizi lililo zito ni jingine. Kwetu mtoto wa ndugu apelekwaye kwa jamaa wa mjini ili asome mara nyingi hugeuzwa mtumishi. Ni kweli, wala haifai kufichwa. Jembe akipewa mgeni peke yake, na watoto wa nyumba wamelala, huo si ukarimu. Hapa ndipo penye jambo la kujifunza kwa Wamarekani: kabla ya kumpokea kijana, watu wazima wa nyumba huchunguzwa kama wana rekodi ya uhalifu, nyumba yenyewe hukaguliwa, na yuko mtu wa nje ambaye kijana aweza kumwendea akionewa. Uangalifu huo hauhitaji utajiri. Kata yenye mwalimu mwaminifu na ofisa wa ustawi wa jamii yaweza kuuanza.

Kwa hiyo natoa shauri. Shule za Musoma, Bunda na Butiama zichague vijana wachache, wasiopimwa kwa Kiingereza, wakakae muhula mmoja katika nyumba za Pemba na Lindi, wakisoma shule za huko. Na nyumba za Mara zipokee idadi ileile kutoka huko. Hilo likisimama, tuwaambie walio ng'ambo kwamba vitanda vipo, na kwamba safari hii twataka watoto wao nao waje. Neno kubadilishana litakuwa limepata maana yake.